Ukitaka Kurudia Gemu za Zamani, Anza na Pedi

Swali ni lile lile, litoke Vihingo, Mlandizi, Maili Moja au Kisarawe mjini: "Nataka kucheza tena gemu za utotoni kwangu. Ninunue mashine gani?" Wengi wanaouliza sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto. Wapo waliokulia kwenye TV gemu za kanda, zile zilizouzwa na pedi mbili na bunduki ya plastiki. Wapo waliozijua gemu kibandani, mechi kwa mechi, kwenye PS ya kwanza na baadaye PS2, na mpaka leo vidole vyao vinaikumbuka pasi ya kupenyeza ya Winning Eleven ingawa majina ya wachezaji yameshawatoka.

Wakipata hela hukimbilia Kariakoo, wakarudi na mashine, wakaicheza siku chache, kisha ikapandishwa juu ya kabati. Husema gemu ya zamani kumbe haikuwa tamu kama walivyodhani. Mimi naitetea gemu. Mara nyingi kilichoharibu utamu ni pedi isiyo yake, au TV isiyo yake. Mashine ni jambo la kufikiria baadaye.

## Gemu hutengenezwa kwa kipimo cha pedi

Anayetengeneza gemu hupanga kila kitu akijua mchezaji atashika nini. Super Mario Bros. ya 1985 ilipangwa kwa mishale na vitufe viwili: A ya kuruka, B ya kukimbia. Ukiicheza kwa analogi, yaani kijiti cha dole gumba cha pedi ya kisasa, Mario huonekana mzito. Sababu ni kwamba analogi lazima isafiri kidogo kabla amri haijafika, na ukitaka kugeuka lazima kwanza ipite katikati. Mishale huitika hapo hapo.

Tazama pedi zilivyobadilika, kisha utafute gemu yako iko wapi:

- Fimbo na kitufe kimoja. Atari 2600, mwaka 1977. Wengi wetu hatukuigusa.
- Mishale. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliibuni kwa ajili ya Donkey Kong ya mkononi, 1982. Mwaka 1983 ikaingia kwenye Famicom ya Japani. Zile TV gemu za kanda zilizozagaa kwetu nyingi ni nakala za Famicom, hivyo pedi zake ni mishale, A na B, na mara nyingi vitufe viwili vya ziada vya kupiga mfululizo.
- Vitufe vya mabegani. Super Famicom, 1990, iliongeza L na R juu ya pedi, na vitufe vinne upande wa kulia.
- Mashiko mawili ya kukamata. PS ya kwanza, Desemba 1994. Msalaba, duara, mraba, pembetatu, na mabegani vinne. Haikuwa na analogi hata moja.
- Analogi. Nintendo 64 ilikuja na moja mwaka 1996. Mwaka 1997 Sony wakatoa DualShock yenye analogi mbili na mtetemo. Umbo hilo ndilo pedi karibu zote zinalifuata mpaka leo.
- Vitufe vinavyopima nguvu ya kidole. Pedi ya PS2, mwaka 2000.
- Bila waya, na L2 na R2 za kufyatua. Pedi ya PS3, mwaka 2006.
- Kibao cha kugusa, PS4, 2013. Na R2 inayokikazia kidole chako kulingana na unachofanya kwenye gemu, PS5, 2020.

Hapo kwenye PS2 naomba usimame kidogo, maana watu wengi hawakijui walichokishika miaka yote ile. Vitufe vya pedi halisi ya PS2 vinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Katika Gran Turismo 3 ukibonyeza msalaba kidogo gari linakwenda taratibu, ukikandamiza linachomoka. Katika Metal Gear Solid 2 ukiachia mraba polepole, mchezaji anashusha bunduki bila kufyatua. Pedi ya PS4 iliondoa uwezo huo kwenye vitufe vyake. Kwa hiyo kuna vitu ndani ya gemu za PS2 ambavyo pedi mpya ya bei kubwa haiwezi kuvifanya vizuri, na pedi kuukuu yenye waya inaviweza.

## Oanisha gemu na pedi

- Mario, Contra, na gemu zote za kanda: pedi yenye mishale mizuri. Usitumie analogi.
- Gemu za kupigana kama Tekken 3: mishale pia.
- Winning Eleven za PS ya kwanza: mishale. Hata kama pedi yako ina analogi, jaribu mishale kwanza.
- Soka la PS2: hapa chaguo ni lako. Waliozoea kibandani wengi hubaki na mishale.
- GTA San Andreas, mbio za magari, na gemu za kutembea kwenye ulimwengu wa pande tatu: analogi. Ape Escape ya 1999 haichezeki kabisa bila analogi mbili.

Kosa linalorudiwa sana na waliohama kutoka PES kwenda FIFA, au waliorudi nyuma, ni la mraba na duara. Kwenye PES mraba ni shuti na duara ni krosi. Kwenye FIFA ni kinyume chake. Mtu anafika langoni peke yake, anapiga krosi kwenda nje, anailaumu pedi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, badilisha vitufe viwe vile kidole chako kinavyojua. Ni kazi ya dakika moja, na watu wanateseka miezi.

Ukikuta gemu ya Kijapani inakataa kuendelea ukibonyeza msalaba, bonyeza duara. Kwa Wajapani duara lilikuwa "ndiyo" na msalaba "hapana" mpaka PS5 ilipokuja kubadilisha mwaka 2020.

## Kabla hujatoa hela

Muuzaji atakuonyesha mashine ikiwaka na kukuambia pedi ni nzuri. Usiishie hapo. Omba gemu iwekwe, keti, shika pedi, na fuata hatua hizi:

1. Bonyeza kila kitufe peke yake, kimoja kimoja, ukitazama kinachotokea kwenye skrini.
2. Bonyeza mishale pande zote nne, kisha kwa mshazari. Mishale iliyochoka hufa kwenye mshazari kwanza.
3. Achia analogi kabisa na utazame. Mchezaji akitembea mwenyewe au kamera ikizunguka, analogi imeliwa.
4. Shika waya pale unapoingilia kwenye pedi, uupinde taratibu kushoto na kulia huku ukiwa umebonyeza kitufe. Amri ikikatika, ndani kuna nyuzi zilizokatika.
5. Pima uzito mkononi. DualShock halisi ina mota mbili za mtetemo ndani. Pedi nyepesi kama ganda haina mota, na kwa kawaida haina vitufe vya kupima nguvu.
6. Jaribu matundu yote mawili ya pedi kwenye mashine. Wengi hujaribu moja tu, halafu siku ya kucheza na mwenzao ndipo wanajua la pili limekufa.

Ukilazimika kuchagua kati ya mashine chakavu kwa sura yenye pedi nzima, na mashine inayong'aa yenye pedi feki, chukua ile chakavu. Sura haichezwi.

Tahadhari moja kubwa: pedi nyingi za TV gemu zina plagi ya pini 9 inayofanana na ya Sega Mega Drive. Zinaingiana, ila nyaya za ndani hazikupangwa sawa. Usichomeke ya huku kule kwa sababu tu imeenea. Plagi ya PS ya kwanza na ya PS2 ni moja, kubadilishana hakuna shida.

## Umeme ndiyo muuaji mkubwa

Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani au Japani kwenye begi la ndugu inaweza kuwa imetengenezwa kwa volti 120 au 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, inakufa hapo hapo, na mara nyingine na moshi.

Geuza mashine au adapta, soma kibandiko penye neno INPUT:

- 100-240V: chomeka, haina tatizo.
- 220-240V: ni ya kwetu, chomeka.
- 100V au 120V peke yake: usichomeke bila transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha.

Kwa zinazotumia adapta ya nje, soma na OUTPUT. PS2 nyembamba ya kuanzia 2004 hutumia volti 8.5. Famicom na nakala zake hutumia adapta ndogo, na nyingi ncha yake ya katikati ni hasi, kinyume na adapta nyingi za siku hizi. Mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa upo kwenye kibandiko. Ulinganishe wa mashine na wa adapta. Adapta kuingia tunduni hakuthibitishi kwamba ndiyo yake.

Vijijini kwetu kuna na hili la sola. Betri ya volti 12 usiiunganishe moja kwa moja na PS2 ya volti 8.5, hata kama fundi wa jirani anasema inavumilia. Tumia inveta, na ujumlishe matumizi ya TV, kwa sababu mara nyingi TV ndiyo inayokula zaidi.

Umeme ukikatika gemu ikiwa inawaka, chomoa kabisa. Unaporudi hurudi kwa kishindo, ukipanda na kushuka. Subiri utulie ndipo uchomeke. Wakati wa masika, radi zikianza, chomoa na waya wa antena.

## TV ya chogo au TV bapa?

Hapa nina msimamo: kama unacheza gemu za kanda au za PS ya kwanza, na kuna TV ya chogo nzima inakusanya vumbi kwa shangazi, kaiombe. Gemu zile zilichorwa kwa skrini ile. Na la muhimu kuliko sura, TV ya chogo haicheleweshi amri. TV bapa hupokea picha, huichakata, kisha huionyesha. Ucheleweshaji huo ni mdogo kwa macho, lakini kidole kinausikia. Ndiyo maana mtu aliyekuwa bingwa wa kuruka mashimo anaanguka kila mara na kudhani amezeeka.

Bunduki ya plastiki ya kupigia bata haifanyi kazi kabisa kwenye TV bapa. Inategemea jinsi TV ya chogo inavyochora picha. Usiipeleke kwa fundi.

Ukiwa na TV bapa tu:

- Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha. TV nyingi zinayo, na inapunguza ucheleweshaji.
- Kwenye TV nyingi tundu la njano la AV limeunganishwa na la kijani. Chomeka njano kwenye kijani kama hulioni la njano.
- Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, kwa kawaida mashine ni ya NTSC na TV imewekwa PAL. Weka mfumo wa rangi kwenye AUTO kabla hujaita mtu.
- Vigeuzi vidogo vya AV kwenda HDMI vinasaidia kupata picha, ila vya bei ya chini vingi huongeza ucheleweshaji.
- Weka picha iwe na upana wa 4:3. Ukiivuta ijaze skrini, mpira unakuwa yai.

TV ya chogo usiifungue mwenyewe, hata ikiwa imechomolewa tangu jana. Ndani hubaki umeme mkali unaoweza kuua. Hilo ni la fundi anayejua.

## Kanda, CD na memori kadi

Kupuliza kanda tulifundishwa na kila mtu, na ni kosa. Mate na unyevu wa pumzi vinakula shaba polepole, na hali ya hewa yetu ya Pwani inamalizia kazi. Kanda ilikubali baada ya kupulizwa kwa sababu uliitoa na kuirudisha, ikakaa vizuri. Chukua pamba ya masikio, iloweshe kidogo kwa spiriti, sugua meno ya kanda, acha ikauke kabisa, kisha rudisha.

CD ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kuzungusha kunafuata njia ya data na kuongeza mikwaruzo pale pabaya. Kama PS ya kwanza inasoma ikigeuzwa chini juu tu, CD yako haina kosa: reli ya plastiki inayobeba lenzi kwenye matoleo ya mwanzo ililika. Fundi akubadilishie lenzi.

PS2 inacheza CD nyingi za PS ya kwanza, lakini kuhifadhi gemu hizo kunahitaji memori kadi ya PS ya kwanza. Kadi ya PS2 ya megabaiti 8 haizipokei moja kwa moja. Watu wamecheza ligi nzima na kuipoteza kwa kutojua hili. Na gemu fulani za kabla ya 1997 hazitambui analogi: pedi ikionekana imekufa, bonyeza kitufe cha ANALOG katikati mpaka taa nyekundu izime.

## Kama mashine huna, una simu

Wengi wenu mnachezea PPSSPP kwenye simu, ile programu ya gemu za PSP, PS ya mkononi, na ni njia nzuri ya kuanza. Tatizo ni vitufe vya kwenye kioo: kidole hakisikii kitufe kiko wapi, kinateleza. Tafuta pedi.

- Pedi ya PS4: bonyeza na kushikilia SHARE pamoja na kitufe cha PS mpaka taa imwekemweke haraka, kisha itafute kwenye Bluetooth. Android 10 na kuendelea huitambua.
- Pedi ya PS5: hivyo hivyo, kwa kitufe cha Create na cha PS. Android 12 na kuendelea ni salama zaidi.
- Pedi ya PS3: haiungani na simu kirahisi. Usiinunue kwa kazi hiyo.
- Pedi ya waya ya USB: kwa simu inayokubali OTG, yaani kuchomekewa vifaa vya USB, hii ndiyo ninayoipendekeza. Haina betri ya kufa wala ucheleweshaji wa hewani.

Baada ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya vitufe ya programu na upange kimoja kimoja. PSP yenyewe ilikuwa na analogi moja na haikuwa na L2 wala R2, kwa hiyo usishangae vitufe vingine vya pedi yako vikikosa kazi.

Gemu hizi, hata zikiwa na umri mkubwa, bado zina wenyewe. CD na kanda zako zitunze. Na usipakue kutoka kila mahali, maana faili nyingi za gemu za bure huja na vitu vya kuharibu simu.

## Kufufua pedi nyumbani

Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Pedi ya waya iliyogoma mara nyingi haijafa, imechafuka tu.

1. Chomoa pedi. Fungua skrubu za nyuma, uziweke kwenye kifuniko cha chupa.
2. Piga picha kwa simu kabla hujaondoa chochote. Hatua hii inaokoa pedi nyingi.
3. Toa raba za vitufe. Zile nukta nyeusi ni kaboni. Zifute taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usizikwangue.
4. Futa na njia nyeusi au za shaba kwenye bodi.
5. Osha ganda na vitufe kwa maji ya sabuni, vikauke kivulini. Bodi isiguse maji.
6. Rudisha kwa kufuata picha. Usikaze skrubu kupita kiasi, plastiki ya zamani hupasuka.

Analogi inayotembea yenyewe ni habari nyingine. Ndani yake kuna vipande vinavyosuguana na kulika. Kuisafisha kunaweza kusaidia kwa muda, lakini dawa ni kubadilisha analogi nzima, kazi ya kuchomelea kwa fundi wa simu mwenye mkono mwepesi. Muulize kama anaweza kupata analogi za sumaku, ambazo hazisuguani. Pedi ya Sega Dreamcast ilikuwa nazo tangu 1998, na ni ajabu kwamba kampuni nyingi ziliziacha.

Pedi ya PS3 ikianza kujibonyeza yenyewe, mara nyingi ni sponji ndogo ndani iliyolala, ile inayokandamiza karatasi ya mawasiliano kwenye bodi. Fundi aiongezee unene kabla hujanunua pedi nyingine.

## Mnayonijibu kila mara

"Si ninunue PS5 tu, icheze zote?" PS4 na PS5 hazisomi CD za PS ya kwanza wala PS2. PS3 zote zinasoma za PS ya kwanza, lakini za PS2 zinasomwa na matoleo ya mwanzo tu.

"Vidole vinauma, zamani havikuuma." Pedi za kanda zina kona kali na hazina mashiko, na mkono wako umekuwa mkubwa. Shika kwa ulegevu, pumzika kila baada ya muda mfupi, na usikandamize kitufe kana kwamba ukikibana ndipo mpira unakwenda mbali. Kwenye soka, kinachoongeza nguvu ya shuti ni muda ulioshikilia kitufe.

"Watoto wangu wanaicheka picha." Waache wacheke, kisha wape pedi ya pili. Chagua gemu ya watu wawili: Contra, Tekken 3, au Winning Eleven yoyote. Waanzie na mishale, wasiguse analogi, na uwaeleze vitufe viwili tu mwanzoni. Vingine watavigundua wenyewe kabla hujamaliza chai.

"Nina hela ya kitu kimoja tu mwezi huu." Nunua pedi ya waya ya USB yenye mishale mizuri. Leo itafanya kazi kwenye simu, kesho kwenye kompyuta, na mashine utaitafuta ukijua tayari ni gemu zipi bado unazipenda.